Chokaa kwenye Dohani

Harufu ya chokaa mbichi hunirudisha Kisugu, kwenye nyumba ya matofali iliyojengwa na Waingereza, ambayo baba, askari polisi, alipangiwa. Ilikuwa na dohani sebuleni, ingawa hakuna aliyewahi kuota moto pale. Mvua ilipita humo, mama akaiziba dohani kwa chokaa, akisawazisha kwa vidole.

Mkaguzi wa nyumba akaja. "Nyumba hii haibadilishwi. Nani ameziba?"

"Tuliikuta hivyo, afande," baba alijibu.

"Ni mama," nilisema. "Mimi nilishika ndoo."

Mkaguzi alicheka. "Huyu anafaa upelelezi."

Tulihamishwa wiki ile.

Sasa nyumba inalindwa kisheria. Juzi nilirudi kama mtalii, na mwongoza wageni alituonyesha alama za vidole kwenye dohani.

"Kazi ya mafundi wa kwanza," alisema.

Safari hii nilinyamaza.