Jagi la Maji ya Chumvi

Fundi cherehani mmoja, mama wa watoto watatu ambao wote wana miji yao, hakuwahi kuwapenda samaki wa mumewe. Tuseme ukweli tu, alikuwa anawaonea wivu. Mzee wake alikuwa fundi wa majokofu, na kila akirudi kazini, kabla hata hajavua viatu, huyo, pua kiooni. Tangi lenyewe la lita mia mbili lilikaa sebuleni mkabala na cherehani, limejaa mawe na matumbawe, na humo ndimo alimotamba bwana mkubwa: samaki malaika kibete, mwekundu kama pilipili iliyoiva, ana michirizi myeusi ubavuni, urefu hauzidi kidole. Kutwa anapita jiwe hadi jiwe, hapa adonoe, pale achungulie. Mzee alimbatiza Mkaguzi.

"Hata kuliwa haliwi," mama alizoea kusema. "Wewe hufugi samaki, unafuga bosi."

Basi mzee akatakiwa kwenda hospitali kupasuliwa tumbo. Mlangoni, mkoba mkononi, akageuka. "Mama Watoto, usimsahau Mkaguzi. Chakula kidogo tu. Na joto hili linakausha maji, kila siku ongeza jagi moja." Akaingia kwenye gari. Hakusema maji gani.

Nyuma ya mlango wa jikoni kulikuwa na mapipa mawili ya plastiki, jeupe la maji yaliyochujwa na la bluu la maji ya chumvi. Mama alionja yote kwa ncha ya kidole, akajipongeza. Samaki wa baharini apewe maji ya chumvi, kuna cha kuuliza hapo? Siku kumi na tano bila kukosa, jagi moja kutoka pipa la bluu, kabla hajagusa hata cherehani.

Huko hospitali nako mambo yaligoma. Kidonda hakikufunga, homa ikapanda, mzee akakonda hadi pete ikawa inamvuka kidoleni. Kila mama akienda, swali ni lile lile: "Mkaguzi anakula?" Naye humsimulia kila kitu, alivyokula, alivyomfukuza konokono, alivyomkodolea macho yeye mwenyewe, na mzee hutabasamu, akakubali vijiko viwili vya uji. Bila habari za samaki, hafungui mdomo. Sasa fikiria asubuhi ya siku ya kumi na sita! Mama anatazama tangi, matumbawe yote yamejikunja, na Mkaguzi kajibanza nyuma ya jiwe, anahema mbiombio, chakula kinampita puani wala hageuki.

Akifa huyu, atakwenda kusema nini kule wodini? Akaliacha gauni la mteja na sindano ndani yake, akachota maji ya tangi kwenye chupa, mguu mosi mguu pili hadi kwa muuzaji wa samaki wa mapambo.

Muuzaji, dada mmoja mfupi asiye na haraka na dunia, alidondosha yale maji kwenye kipimo akachungulia.

"Mama, umewatia nini? Chumvi imezidi mno."

"Nimewaongezea maji yao ya chumvi, mwanangu. Kila siku."

"Aa, mama! Kinachokauka ni maji tu, chumvi inabaki mle mle. Ya kuongeza ni yale yasiyo na chumvi."

Loo! Mama alijipiga paji la uso. Yeye aliyepika miaka thelathini, anayejua fika kwamba mchuzi ukikauka unaongezwa maji, hauongezwi chumvi! Alitaka kucheka, akaishia kulia pale pale kaunta. Yule dada akamshika bega, akamwelekeza: asiishushe chumvi kwa pupa, samaki hatastahimili. Atoe jagi moja la tangi, atie jagi la maji yaliyochujwa, mara nne kwa siku, siku nne.

Siku hizo nne nguo za watu zililala. Anashona mshono mmoja, anainuka kuchungulia. "Kula baba, kula," anambembeleza samaki aliyekuwa akimsema vibaya juzi tu. Na wodini alipoulizwa, Mungu amsamehe, alijibu, "Anakula." Siku ya nne, adhuhuri, tumbawe moja likafunuka. Kisha pua nyekundu ikatoka nyuma ya jiwe, ikadonoa. Mama alipiga kigelegele peke yake hadi jirani akabisha hodi kuuliza kama kuna mjukuu kazaliwa.

Wiki iliyofuata mzee akarudi, anatembea kwa kushika kuta. Alipoketi mbele ya tangi na Mkaguzi akaja kumkagua, mama hakuweza kuvumilia. Akatoboa yote, jagi, chumvi, uongo. "Nisamehe, Baba Watoto. Nilikaribia kukuulia."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, kaubana mshono wa tumbo kwa mkono. "Usinichekeshe, nitafumuka! Wale samaki watatu wa mwaka wa kwanza wa tangi..."

"Waliokufa kwa uzee?"

"Uzee gani! Niliwaua mimi. Jagi hilo hilo, pipa hilo hilo. Niliona haya kukwambia."

"Mwongo mkubwa we! Na mimi nikakuliwaza wiki nzima!"

"Ningesema ukweli, ungejua la kufanya." Mzee akamshika mkono, kicheko kimeisha. "Halafu, siku zile nne nilijua. Tangu lini wewe ukajibu swali kwa neno moja? Nikasema moyoni, huyu mwanamke ana mgonjwa mwingine nyumbani, na bado kaja kunilisha mimi. Ndiyo maana nikawa namaliza uji wote. Asante, mke wangu."