Maji Yaliyomchoma Ayeeyo

Juzi hapa mtaani Iftin, jirani yangu mmoja aliyepata kiharusi alishikishwa soda baridi, akaitupa akipiga kelele kwamba inamchoma. Binti yake akanieleza kuwa daktari amesema ni mishipa ya fahamu. Mkono wake uliopooza siku hizi huhisi baridi kama moto. Nilimkumbuka ayeeyo, bibi yangu.

Nilikuwa mtoto, na wanajeshi walikuwa wametuzungushia seng'enge, wakasema ni ili tusiwape maziwa waasi waliowaita mashifta. Ngamia wetu walikuwa nje ya ua, wamepigwa risasi, na harufu yao ilikaa hata kwenye nguo. Alasiri moja lori la jeshi likatuletea pipa la maji baridi. Mama akachota, akammiminia ayeeyo atawadhe kwenye mkono uliolegea tangu alipoanguka ghafla.

"Naungua!" akalia ayeeyo. "Wallahi naungua!"

Mama akanipokonya kikombe. "Usinywe! Wametutilia sumu!"

Wanawake wakalisukuma pipa likaanguka. Mchanga ukayanywa maji yote, ukatoa ile harufu tamu ya mvua, nami nikapiga makofi nikidhani tumewashinda. Mdogo wangu, aliyekuwa na homa, aliomba maji mpaka magharibi, kisha akanyamaza. Nilidhani amelala.

Sasa najua maji yale yalikuwa safi. Lakini ngamia walikuwa palepale wakioza. Nani angetuambia, tukamwamini, kwamba waliowaua wametuletea maji ya kunywa?