Mwizi Niliyemwitia Watu

Leo nusura niue mwalimu wa mtoto wangu.



Mchana hapa mtaani kwetu Kariobangi, naanua nguo. Naona mwanaume nisiyemjua anatoka kupitia dirisha la chumba cha jirani kilichokuwa tupu, begi mgongoni. Na juzi tu tumeibiwa.

Nikapiga kelele: "Mwizi!"

Mnajua hapa kwetu neno hilo halirudi mdomoni. Mafundi wa jua kali, wa karakana za hapo nje, wakafika na vyuma. Wakampasua kichwa. Akaanguka, wakaendelea.

"Naombeni jamani! Mimi mwalimu wa shule ya hapa, kwetu Tanzania, chumba hiki nimehamia leo! Ufunguo niliopewa umegoma mlangoni, ndio nikapitia dirishani!"

"Mwalimu wa kufundisha kuiba!" Wakacheka. Mmoja akaitisha tairi wamchome.

Begi likararuka, vikamwagika vitabu vya kuandikia vya wanafunzi. Kimoja kina jalada la pakiti ya unga, limeshonwa kwa uzi mwekundu.

Uzi wangu. Kitabu cha mwanangu Achieng. Mimi kusoma ni shida, lakini mshono wangu naujua.

Nikamlalia juu. "Niueni mimi kwanza!"

Chuma kimoja kikanipata begani. Ndio wakaacha.

Sasa amekaa kwangu, jicho limevimba hadi limefumba, nimemkanda na maji ya chumvi. Ananiambia, "Asante mama, umeniokoa."

Halafu akauliza, "Ulimwona aliyepiga kelele ya kwanza?"

Nikasema naenda kuangalia ugali.

Ugali umeiva kitambo. Bado nimesimama hapa nje na sahani yake.

Nyinyi wenzangu, nikiingia nimwambie nini?