Macho-Duara wa Railay

Jumapili, tarehe 12 Januari, mwaka 2568 kwa kalenda yetu ya Kithai, nilimwita mzungu "mkwe wangu" naye ananing'inia jabalini kama popo.

Mniwie radhi nikicheka.

Binti yangu wa pekee, Phailin, ni mpishi wa hoteli moja kwenye ufukwe wa Railay. Ana miaka thelathini na mitatu, na kila nikimuuliza habari za mchumba, simu hukatika.

Wiki ile akanitumia ujumbe. Mimi ndiyo kwanza nimejifunza kusoma, darasa la watu wazima, na maandishi yetu hushikana bila nafasi kati ya maneno.

"Mama njoo taklom na mimi."

Nikalikata neno polepole: ta klom. Macho ya duara! Na kwetu, mwenye macho ya duara ni nani kama si mzungu?

Mwanangu kapata mzungu!

Nikafunga wali wa kunata na ndizi kwa majani ya mgomba, nikautia kikapuni, nikavaa hariri, nikapanda mashua aliyonitumia.

"Shangazi, umependeza! Kuna harusi?" akauliza nahodha, Mek, kijana mwenye vijicho vyembamba.

"Namfuata mkwe wangu, Macho-Duara. Wewe na vijicho hivyo, njia unaionaje?"

Masikio yakamwiva. Mashua nusura ipande jabali.

Kufika ufukweni, majabali ya chokaa yametuzunguka, wazungu wanayakwea, wananing'inia kwa kamba. Mmoja, macho kama sahani, akanipungia mkono.

"Mkwe wangu! Shuka ule!"

Phailin akaja mbio, aproni kiunoni. "Mama! Mkwe gani?"

"Si umeniandikia mwenyewe? Ta klom!"

Akaketi mchangani, akacheka hadi machozi. "Hukatwa tak lom, Mama! Nilikuita upunge upepo!"

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Kwa hiyo hakuna mkwe?"

Kicheko kikamwisha. Akatazama nyuma yangu, alikosimama Mek na kikapu changu, maji magotini.

"Nilitaka upunge upepo kwanza, ndipo nikwambie."

Mek akakiweka kikapu mchangani, akakutanisha viganja, akainama.

"Macho yangu ni membamba, Mama," akasema. Mama, si Shangazi tena. "Lakini Phailin yanamwona vizuri."

Wali wote nikampa yeye. Mzungu aliposhuka, alikuta majani matupu.

Msomaji wangu, maneno yakishikana, yatenganishe taratibu. Na usiyacheke macho ya anayekuvusha.

Mtumie simulizi hii mama yeyote ambaye simu ya bintiye hukatika kila akitajiwa mchumba.