Tuliruka Topeni, Tukatua Sarujini

Enzi zetu kule Maparoni, kwenye delta, mtoto hakufundishwa kuruka na mtu. Maji yakipwa, vijito kati ya mikoko vilibaki tope tupu, na sisi tukitoka chuo cha Kurani tu, mbio huko, matumbo yamejaa kiporo cha wali na kaa wa kuchoma. Unachukua mbio, unaruka kijito, unadidimia ng'ambo mpaka magotini. Aliyeangukia makalio kwisha habari yake, maana gauni likichafuka fimbo inamngoja nyumbani. Kwa hiyo tulijifunza kutua wima, miguu imenyooka kama vigingi, na tope likatupokea. Watoto wa siku hizi wakiona tope wanaomba kubebwa.

Nilipofaulu kwenda sekondari Kibiti ndipo nilipouona uwanja wa mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza. Saruji ngumu, ringi zina kutu, nyavu zimebaki nyuzi za kuning'inia. Siku niliyoruka pale nilishtuka mwenyewe. Nilizoea ardhi inayonivuta miguu, hii ikanirusha, na vidole vyangu vikagusa zile nyuzi. Wenzangu waliozaliwa kandokando ya barabara wakapiga kelele, "Huyu kafungwa hirizi! Watu wa delta hawa, waoneni hivyohivyo!"

Mwalimu Kisoma, aliyetufundisha fizikia asubuhi na mpira jioni, alicheka sana. "Hirizi gani? Ukiisukuma ardhi, nayo inakusukuma. Tope linakula nguvu yako, saruji inakurudishia. Huyu Saida misuli yake imekomaa kwa kunyang'anywa nguvu na tope kila siku." Akatushikisha ile kano nene nyuma ya kisigino. Akasema ukikunja magoti haraka inavutika kama mpira wa manati, na ukiruka papo hapo inakurusha. Ukichuchumaa ukakaa, ile nguvu inapotea bure. Na mikono itupwe juu pamoja na mwili, isilale ubavuni kama ya bwana harusi. Nikafanya hivyo, nikazidi kwenda juu.

Ila wote walitazama ninavyopanda, hakuna aliyetazama ninavyoshuka. Mechi na shule ya Ikwiriri ikikaribia, goti langu la kulia likavimba, nikawa nachechemea kwenda bwaloni. Habari mbaya haina miguu lakini inafika. Mama alipanda boti mpaka Nyamisati, akadandia gari la mizigo, akaingia shuleni baibui limejaa vumbi.

"Mwalimu, mie mwanangu nimemleta kusoma, sikumleta kuruka. Kama kuruka, si angeruka kwetu? Leo namchukua."

Niliogopa kweli. Wakati ule msichana aliyerudishwa delta katikati ya masomo hakurudi tena. Aliuguzwa, akapona, akaozwa. Nilikuwa na mifano kwetu, mmoja dada yangu wa baba mkubwa.

Mwalimu hakubishana naye. Alimkaribisha kiti akamwambia, "Mama, goti hili halikuumizwa na kuruka, limeumizwa na kutua. Anatua miguu imenyooka, anadhani bado yuko topeni. Hapa tope lake ni magoti na nyonga. Asipoyakunja, kishindo chote kinaingia kwenye viungo. Kosa ni langu, nilimfundisha nusu. Niachie mpaka mwezi uandame."

Mama alikubali shingo upande. Akasema atafikia kwa shangazi pale Kibiti mjini, na mwezi ukiandama anakuja kunichukua au kuniacha.

Kwanza nilipumzishwa mpaka uvimbe ukaisha. Kisha nikaanza kushuka kwenye ngazi ya bwalo kama mwizi: vidole kwanza, kisigino kifuate, magoti yalegee, makalio yarudi nyuma kidogo. "Nisisikie kitu," ndiyo ilikuwa amri yake. Wenzangu walinicheka wee mpaka wakachoka.

Mwezi ulipoandama, mama alikuja uwanjani. Alisema moyo wake hauwezi kulitazama goti lile, akatugeuzia mgongo, kanga kaishika mdomoni. Nikaruka, nikashika nyuzi za wavu, nikashuka. Kimya.

"Mbona haruki?" mama akauliza. "Anaogopa?"

"Karuka, mama," mwalimu akamjibu. "Katua zamani."

Mama akageuka, akanitazama miguu, kisha uso. "Haya. Basi na asome," alisema. Jioni ile akarudi Maparoni peke yake, nami nililia kwa furaha. Ikwiriri walitufunga vibaya, lakini sikujali.

Leo nina binti anayecheza kikapu Dar es Salaam, ananipita kimo na kuruka. Viatu vyake vinawaka taa za rangi, na simu yake inampimia amepanda kiasi gani. Nikimwambia akunje magoti anaposhuka, anacheka: "Mama bwana, hayo mambo ya kizamani. Tuliza presha." Sisi tukikatazwa tulitii, hata kwa kununa, hawa wanakubusu shavuni, wanaendelea vilevile. Akitua, benchi nililokalia linatikisika. Mama yangu alirudi Maparoni roho yake imetulia. Mimi kila Jumamosi narudi nyumbani kutoka mechini kwake nikiuguza goti la mwanangu, ambalo bado halijaanza kuuma.