Nyati wa Kuonyeshwa

Shule mimi iliniona mgongo tangu darasa la nne, lakini leo ukifika Gisozi ukauliza nani anatengeneza vitanda visivyolia, utaletwa kwenye karakana yangu. Sikuachiwa urithi na mtu. Basi mwaka jana nikajilipia safari ya kuwinda Tanzania, ile halali, yenye kibali na mwongozaji. Nilitaka jambo moja tu: baba yangu, aliyewinda miaka yote tuliyoishi ukimbizini Karagwe, aniite mwindaji kabla macho yake hayajazima kabisa.

Nyati nilimwangusha. Risasi moja! Nikarudi mbio Kicukiro kwa wazee.

Kwetu mwindaji hali kabla hajasimulia mawindo yake, tangu unyayo wa kwanza.

"Haya, nyayo uliziona wapi?" baba akauliza.

"Aliziona mwongozaji."

"Na upepo?"

"Yeye ndiye aliyepeperusha majivu, akasema tuzunguke."

"Bunduki uliiegemeza wapi?"

"Alinisimikia fimbo, baba."

"Sha, mwanangu, basi mlete huyo mwongozaji ale. Wewe ulimsindikiza."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi, mtu ninayesubiriwa na wateja mlangoni, nikageukia dirishani.

Mvua ilikuwa imeanza. Mlima wa ng'ambo ukayeyuka taratibu, mabati yake, migomba yake, na ndani ya ule weupe nikaiona Karagwe. Nikajikuta nasimulia siku niliyotoka peke yangu, kijana, na mkuki na mbwa mmoja. Kengele ya mti iliyokuwa shingoni mwa mbwa nilikuwa nimeiziba kwa majani, isilie kabla ya wakati. Ukungu ulifika magotini. Nilitembea kama sina miguu. Nilimfuata pongo tangu kijitoni, nikampoteza kwenye mawe, nikampata tena kwa unywele mmoja juu ya mwiba. Kisha akawa pale, karibu kama mlango ule, ananitazama. Mkuki niliusahau mkononi. Akaingia ukunguni akitembea tu, bila haraka. Sikuwahi kumwambia mtu.

"Upepo?" baba akauliza, polepole.

"Ulitoka mtoni. Ulinipiga usoni."

"Ukarudi na nini?"

"Sikurudi na kitu."

Akafumba macho. Nilidhani amelala.

"Mwindaji," akasema, "mbwa yule alikuwa mwekundu au mweusi?"

"Mwekundu, baba. Mkia mfupi."

"Enhe. Na pongo alipoondoka, mbwa alifanyaje?"

Tukaendelea hivyo mpaka mvua ikakatika, na nyati wangu hakuna aliyemuulizia.