2521

Nimerudi Isongole likizo, nikamkuta bibi anawashia moto daftari langu la hisabati la darasa la sita. Nikalipokonya. "Gwe, si ulishafaulu?" akaniuliza, akicheka huku moshi ukimtoa machozi. Ukurasa mmoja uliobaki mzima una namba moja kubwa imezungushiwa duara: 2521.

Ngoja nikusimulie. Mwalimu wetu alitaka namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa moja hadi kumi bila kubakiza kitu. Wa kwanza kupata angepelekwa Tukuyu kwenye mashindano. Nilikuwa naitamani safari ile mpaka naiota, lakini mimi hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni kulinishinda. Siku hiyo nilizidisha kumi, tisa, nane na saba, nikapata 5040. Nikaona nusu yake pia inatosha: 2520. Mkono ukanyanyuka wenyewe.

Ubaoni nikaandika 2521.

Ndivyo nilivyolelewa, jamani. Bibi akigawa viazi vya kuchemsha, vikiisha sawasawa anaongeza kimoja pembeni, cha mgeni. "Mgawo usiobakiza ni uchoyo," husema. Kwangu jibu lilikuwa halijakamilika bila ile moja.

"Hii moja ni ya nani?" mwalimu akauliza.

"Ya mgeni, mwalimu."

Darasa likalipuka. Jirani yangu wa dawati akapaza sauti, "Mgeni mwenyewe hajafika, mwalimu, niletee mimi!" Akakimbilia ubaoni, akafuta moja, akaweka sifuri. Safari ya Tukuyu ikawa yake. "Swali ni swali," mwalimu akaniambia taratibu. Nililia kidogo, nakiri.

Lakini chaki hakuiweka chini. "Haya, tuigawe hii ya mgeni." Kwa mbili, ikabaki moja. Kwa tatu, moja. Kwa saba, moja. Mpaka kumi, moja ileile! Watoto wakaanza kupiga meza. Kwa kumi na moja zikabaki mbili, kwa kumi na tatu zikabaki kumi na mbili. Kengele ya uji ikalia, hakuna aliyetoka. Tulifika arobaini na saba, na bado haikukubali. Mwalimu akasema zaidi ya hapo hakuna haja, tungerudia tulikokwisha pita. "Namba tasa," akatangaza, mikono myeupe kwa chaki. "Haigawiki kwa yoyote ila moja na yenyewe." Wakanipigia makofi, hata yule aliyeniibia safari. Uji tuliunywa umeganda utando, mtamu ajabu.

Sasa niko kidato cha tatu. Vipindi vinakimbizana, kosa linachorwa mkasi mwekundu na tunasonga mbele. Siku hizi majibu yangu mengi ni sahihi. Ila tangu siku ile hakuna darasa lililokubali uji upoe kwa ajili ya jibu langu.